B ya Mboni

Julai, Ngara. Baridi imekaa chini ya mabati
kama mpangaji asiyelipa.
Nimepewa karatasi moja ya kutengeneza, kijitabu cha wagonjwa:
picha ya jicho lililopasuliwa katikati,
mishale kumi na mmoja, kila mshale unadai jina.

Konea nimeiandika konea, nikaona haya kidogo.
Retina vilevile. Lenzi, Mungu anisamehe.
Kope, ute: hapo nilikuwa nyumbani.
Kisha mshale wa saba, penye weusi,
tundu ambamo mwanga huingia bila kubisha hodi.
Mboni.

Usiandike tu, akasema Daktari Shamsa, eleza neno limetoka wapi.
Mtu akijua jina la kitu hukitunza.
Alikuwa anatania. Nusu.

Warumi, akasema, tundu hilo waliliita kidoli, kitoto cha kike,
maana ukimsogelea mtu hadi pua zikaribie kugusana
unajikuta mle ndani, mdogo, umesimama,
umevaa koti lako lile lile.
Nikaenda kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi.
Kweli, nilikuwemo.
Nilihitaji kunyoa.

Lakini mboni si kidoli.
Wiki nzima nililitafuna neno pamoja na viazi karai.
Ona. Mwono. Maono. Onyesha.
Sasa mboni, na hiyo b yake, katoka wapi?
Kama mtu aliyekuja harusini na jembe.

Ijumaa akafunguliwa bandeji Mama Nelima,
mshona sare za shule wa Kangemi,
aliyekuwa akitunga uzi kwa ulimi na bahati
tangu alipoingiliwa na mtoto wa jicho,
mtoto asiyelia, asiyenyonya,
anayekua tu.
Plasta ikang'oka na unywele wa nyusi.
Akapepesa.
Akatazama mkono wake kwanza,
kidole cha shahada chenye vitundu vya sindano.
"Mbona," akasema.
Daktari akainama: Mbona nini, mama? Panauma?
"Mbona. Mbona!"
Nami na kalamu yangu: *mgonjwa analalamika.*

Mwanawe Khaemba, fundi wa pikipiki, grisi kuchani,
akacheka hadi akashika ukuta.
Haulizi, daktari. Anasema anaona.
Kwetu kuona ni khubona.

Nikalifuta lalamiko.
Karatasi ikatoboka pale nilipofuta.

Kumbe b ilikuwepo.
Wahenga wa lugha zetu waliitamka wote,
kisha sisi wa ona tukaidondosha njiani;
labda ilikuwa nzito, labda midomo ilichoka kufumba,
tukabaki na ona, vinywa wazi.
Jicho halikudondosha kitu.
Liliificha b nyuma ya m
kama sarafu kwenye pindo la leso,
na kila tunaposema mboni
midomo hufumbana kidogo
kabla ya kufunguka,
kama kope.

Na ile mbona yetu ya kuulizia, je?
Huenda nayo ni mtoto wa tumbo hilohilo:
anayeuliza mbona ameona kitu
na kitu kimekataa kukaa sawa machoni pake.
Sina ushahidi. Kijitabuni sikuiweka.

Niliandika: *Mboni. Sehemu nyeusi katikati ya jicho.
Neno hili ni ndugu wa kuona.*
Mchapishaji alisema mstari wa pili haukutoshea.

Nilikwenda kumwonyesha Mama Nelima rasimu.
Alikuwa ukumbini, matone mkononi, akingoja kulipa.
Nikainama, nikajiona mle ndani, kidoli chenye kalamu sikioni,
na nyuma yangu dirisha, na nyuma ya dirisha
kipande cha Ngara kisichozidi mbegu ya papai.
Hakuitazama karatasi.
Alikodolea shati langu kwa muda mrefu,
kwa furaha ambayo sikuistahili.

"Kifungo chako cha pili," akasema,
"nani alikishona na uzi wa kijani?"